Ndoano ya Mbawakawa wa Himalaya

Jumatatu, 8 Aprili 2013

Daktari Govender, bibi anayesimamia makusanyo haya, anasema kila anayegusa wadudu wake sharti awe na daftari. La kazi ninalo. Hili ni la kulalamika.

Mjane mmoja wa kule Bluff ametuletea masanduku kumi na manne ya wadudu. Marehemu mumewe alikuwa daktari wa meno, na miaka ya sabini kila likizo alikwenda Nepali kupanda milima. Wenzake walipiga picha vilele, yeye alipiga magoti na kuokota vijidudu kwenye maua, akavifunga kwenye karatasi, akavirudisha Durban, akavisahau. Sasa ni zamu yangu. Nawalainisha kwa mvuke, nawabandika kwenye vikadi kwa gundi, kisha naandika lebo kwa herufi ndogo ambazo hata mimi nazisoma kwa kukunja uso.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Julai, siku ileile Daktari anapostaafu, na baada ya hapo chumba hiki kinafungwa. Bukavu nilikuwa msaidizi chuoni, nikifundisha wanafunzi kupasua panzi. Hapa nimelinda magari ya watu miaka mitatu nikiwa na fulana ya njano. Kwa hiyo sidharau kazi hii, ila mgongo unauma.

Jumatano, 10 Aprili

Vikadi mia moja na ishirini. Upepo umetokea Jacobs, chumba kizima kinanuka viwanda. Nimechoka.

Jumatatu, 15 Aprili

Sanduku la tisa. Nimekuta mbawakawa kumi wa jamii ile iitwayo askari, wenye mwili laini na rangi za sare. Kifua chekundu cha matofali, mabawa ya kijivu cha moshi, na katikati ya kifua doa jeusi lenye umbo la mbegu ya boga. Lebo ya marehemu inasema meta elfu tatu na mia nne, Julai 1974, juu ya maua meupe. Nimewatafuta kwenye vitabu vyote vya Daktari hadi macho yakatoa machozi. Hawamo.

Tisa ni majike. Dume ni mmoja. Hilo ni tatizo, kwa sababu askari hawa kwa nje hufanana mno, na kinachowatenganisha hasa ni kiungo cha uzazi cha dume, kitu kidogo kuliko punje ya ulezi kilichojificha tumboni. Kila spishi ina umbo lake. Bila hicho, mtaalamu anakuangalia tu.

Dominiki alikuja kuchungulia hadubini yangu bila kuombwa. Huyu ni Mtanzania, anasomea mbu kwenye chumba cha jirani, na ana maoni juu ya kila kitu. "Kaka, huyo si mdudu mpya. Huyo ni mdudu wa zamani ambaye hajaandikishwa." Alicheka peke yake.

Jumatatu, 22 Aprili

Daktari alipeleka picha kwa mtaalamu mmoja Ulaya aliyetumia miaka arobaini kuchunguza askari wa Himalaya. Leo amejibu: hajawahi kumwona mdudu huyu, mwelezeni kwa makala na mumpe jina.

Daktari alinisomea barua akiwa amesimama, naye hasimami ovyo, magoti yake ni mabovu. Kisha akasema, "Tutaandika mimi na wewe, Ruphin. Jina langu litatangulia, lako litafuata. Wewe utachora."

Nilisema asante, nikaenda chooni nikakaa. Mimi nimekuwa namba ya faili, nimekuwa "boss" wa kwenye maegesho, nimekuwa "wewe wa Congo". Tangu nivuke mpaka jina langu halijaandikwa mahali popote kwa sababu ya kitu nilichokijua. Sasa majina yetu, Govender na Cirhuza, yatafuata nyuma ya jina la mdudu huyu maadamu watu wanasoma. Nalitaka jambo hili kuliko ninavyotaka kukiri.

Nilimwambia mke wangu, Yvette. Saluni yake iko Umbilo Road, kwa hiyo kufikia jioni Umbilo yote ilikuwa na habari. Mteja wake Henriette, mama wa kwetu Uvira, ameuliza kama mdudu huyo analiwa.

Alhamisi, 2 Mei

Mchoro wa kumi na moja. Kipapasio kina pingili kumi na moja, na kila pingili ina vinyweleo, na Daktari anavihesabu. Bahasha hatupi, anazipasua na kuandika upande wa ndani. Nilidhani ni uchoyo. Leo nimeona ndani ya kabati lake bahasha za mwaka 1981 zenye vipimo vya nzi, na kila kipimo amekirudia mara tatu.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua. Nimechora kucha za miguu ya mdudu. Nimechoka.

Alhamisi, 9 Mei

Siandiki leo. Karatasi za kukaa nchini zimepata muhuri wa miaka miwili. Tumerudi saa kumi na moja, sisi wote tumechoka kama maiti.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Jana mchana nilitoa kiungo cha dume. Kazi ilikwenda vizuri kupita kiasi. Nililainisha tumbo, nikaingiza sindano iliyopinda, kikatoka kizima. Nilikichora kwa haraka kwa penseli, upande wa juu tu, kikiwa bado kimefunikwa na mafuta na nyama iliyokauka. Kwenye ncha niliona kivuli cheusi. Inaweza kuwa kunjo, inaweza kuwa uchafu. Ili kujua lazima ukisafishe kwa maji ya potashi, yanayokula nyama na mafuta, kisha ukigeuze ubavu. Nikakiweka kwenye kisahani chenye potashi, juu ya kipashio cha umeme, moto mdogo. Nusu saa inatosha. Kazi hii nimefundisha watu, na jambo la kwanza nililokuwa nikiwaambia ni kwamba potashi ikiwa motoni huondoki, hata nyumba ikiungua.

Dakika ya kumi Yvette akapiga simu. Alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya vibali tangu alfajiri.

"Ruphin, kuya mbio! Bameita dossier yetu. Banasema chef de famille, baba ya nyumba, asaini mbele ya saa tisa."

"Niko na kazi kwenye moto."

"Kazi gani? Wakifunga bila weye, tunarudia zéro, na watoto batabaki bila karatasi. Kuya!"

Nikatoka na koti la kazi mwilini. Nilikimbia hadi robot, zile taa za barabarani, nikarukia taxi, nikasaini saa tisa kasoro dakika nne. Tulikumbatiana pale nje. Tulinunua kuku. Sikukumbuka kisahani hata mara moja, si njiani, si mezani, si kitandani.

Leo saa moja nilifungua mlango nikasikia harufu. Maji yalikuwa yamekauka. Kisahani kilikuwa na ukoko mweupe, na ndani yake kiungo kilikuwa kimeungua na kusagika. Nilitia maji tone kwa tone. Nilipata vipande vitatu vya rangi ya chai, kisha nilipovigusa vikawa havipo.

Dume alikuwa mmoja. Katika dunia nzima ninayoijua mimi, alikuwa mmoja.

Daktari alipita saa nne, akauliza kama nimeanza kiungo. Nikasema nimeanza.

Jumatatu, 13 Mei

Sijalala vizuri tangu Ijumaa. Nimemwambia Dominiki, kwa sababu alinikuta nimekaa mbele ya hadubini iliyozimwa.

Aliangalia kisahani, akapiga mluzi. "Pole sana, kaka. Sasa upande wa juu si unao?"

"Ninao."

"Na ndugu zake wako kitabuni, upande wa ubavu, wote wamechorwa. Basi chora kitu cha katikati. Nani atapanda Himalaya kuja kukusuta?"

"Bibi Govender ataomba kukiona."

"Bibi macho yake yamekwisha. Mwambie kimo kwenye kichupa cha gliserini, kimefungwa, hutaki kukisumbua. Mzee wangu, wewe una familia. Usife kwa ajili ya mdudu."

Nilimwambia anyamaze. Hakuninyima usingizi yeye, lakini alichosema kilibaki chumbani alipoondoka.

Alhamisi, 16 Mei

Nimechora.

Nilianza saa mbili, nikamaliza saa tisa. Nilichukua umbo la jumla kutoka kwa ndugu zake watatu. Kwenye ncha nilikwama, kwa sababu ya kile kivuli cheusi. Mchoro wa juu unacho, kwa hiyo wa ubavu lazima ukieleze. Nikakigeuza kuwa ndoano inayopinda kurudi nyuma.  Nasikitika kusema ni mchoro bora kuliko yote niliyowahi kuchora maishani mwangu.

Ijumaa, 17 Mei

Daktari alikaa na mchoro muda mrefu. Sikuombwa kichupa. Hilo ndilo lililonichoma, hata hakuomba.

"Sijaona ndoano ya namna hii kwa ndugu yake yeyote," alisema. "Unaona? Asili imetupa jina. Tutamwita kwa Kilatini, mwenye ndoano."

Nilijaribu kusema tuchague rangi. Akasema rangi hupauka, ndoano haipauki.

Jumanne, 28 Mei

Yvette amebandika kwenye kioo cha saluni picha ya mdudu niliyomtolea chapa. Wateja wanauliza, naye anaeleza. "Iko kule juu kwa theluji, na bwana yangu ndiye amemjua wa kwanza." Nilimwomba aitoe. Akasema nina haya kama mwari. Ameagiza soda za siku makala yatakapotoka.

Ijumaa, 31 Mei

Makala yametumwa kwenye jarida. Daktari alipeana nami mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu, changu kimelowa.

Jumatatu, 10 Juni

Vikadi themanini. Baridi asubuhi. Nimechoka namna ambayo usingizi hauigusi.

Jumatatu, 17 Juni

Sikukuu. Wenye magari wamekwenda pwani kuangalia kama dagaa wa baridi wamefika. Mimi nimelala hadi saa sita nikiangalia dari. Yvette aliniletea chai, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Kama uko mgonjwa, kama iko maladi, sema. Kama ni kazi, sema pia." Nikasema ni mgongo.

Jumatatu, 24 Juni

Barua ya mtaalamu imekuja. Yeye ndiye aliyepewa na jarida makala yetu ayakague. Nilisali angalau akute kosa dogo la vipimo, tucheleweshwe, nife kidogo kidogo. Hakukuta kosa. Ameyapenda. Anasema mchoro wa nne, wa ubavu, ni wa ajabu. Anasema kwa sababu ya ndoano hii huenda huyu si spishi mpya tu bali anastahili jenasi yake mwenyewe, na yuko tayari kupanga upya jamaa wote wa mlima ule. Anaomba jambo moja. Tumtumie kiungo kwa posta, au tukipige picha ubavuni.

Daktari alisoma kwa sauti, na mwishoni sauti yake ikapanda. Miaka thelathini na tisa amehesabu vinyweleo vya nzi, hakuna mtu aliyemwandikia neno "ajabu". Alinishika bega. "Kesho lete kichupa, tupige picha."

Jumanne, 25 Juni

Nilisema ninaumwa, sikwenda kazini. 

Jumatano, 26 Juni

Nilikwenda. Dominiki alinisubiri mlangoni. Amepunguza maneno siku hizi. "Kaka, sema kimevunjika jana. Ajali. Inatokea kwa kila mtu."

Niliwaza hilo kutwa nzima. Kikivunjika jana, ndoano inabaki. Mzee wa Ulaya atapanga upya askari wote wa Himalaya juu ya kitu nilichokitoa kichwani mwangu siku ya Alhamisi. Watu ambao sitawaona kamwe watapanda milima wakitafuta ndoano, watamkuta mdudu huyuhuyu hana ndoano, watasema si yeye. Nitakuwa nimemfuta mdudu niliyetaka kumpa jina. Daktari alikuwa na mkutano, hakuulizia kichupa. Nimepata siku moja nisiyoitaka.

Alhamisi, 27 Juni

Nimesema.

Nilimkuta anafuta lenzi. Nilibaki nimesimama.

"Daktari, ile ndoano haipo."

"Imevunjika?"

"Haijawahi kuwepo. Kiungo kiliungua tarehe tisa Mei, niliacha potashi kwenye moto. Niliona kivuli tu. Mchoro wa ubavu nimeutunga."

Aliendelea kufuta lenzi, pale pale, pale pale.

"Uliacha potashi kwenye moto."

"Ndiyo."

"Hilo ni ajali." Aliweka lenzi chini. "Na doa la kifua, lipo?"

"Lipo."

"Kucha?"

"Zipo, Daktari."

"Vinyweleo kwenye pingili ya tatu?"

"Vipo."

"Nitajuaje?"

 Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani, saa tano asubuhi. Nilikaa nikabandika wadudu, kwa sababu ndicho nilichoajiriwa. Niliona aibu ambayo sikuiona hata nilipokuwa naomba sarafu kwenye maegesho.

Jioni nilimweleza Yvette yote. Aliposikia tarehe aliketi. Ndiyo siku ile aliyonipigia simu. Baadaye aliniuliza kama watanifukuza. Nikasema sijui.

Ijumaa, 28 Juni

Daktari amekuja mapema kuliko mimi. Amekwisha kumwandikia mtaalamu. Sikuonyeshwa barua.

"Utakaa hapo," alisema, akinionyesha kiti cha upande wa pili wa hadubini. "Tutakagua mchoro mmoja mmoja mbele ya mdudu. Yote ishirini na miwili ambayo viungo vyake bado vipo."

Jumatatu, 1 Julai

Kipapasio. Pingili moja moja. Yeye anahesabu kwenye mdudu, mimi kwenye mchoro, tunasema kwa pamoja. Tukipishana tunaanza upya.

Jumanne, 2 Julai

Kipapasio.

Ijumaa, 5 Julai

Miguu. Upepo wa moto umeshuka kutoka bara, midomo inapasuka. Magoti yake yamevimba, anayaweka juu ya sanduku la marehemu. Hatuzungumzi habari nyingine. Leo Dominiki ameingia, akavuta kiti, akashika taa upande wa giza bila kuulizwa. Amekaa saa tatu. Nimemfikiria vibaya kijana huyu, na huenda bado nitamfikiria vibaya, lakini alishika taa.

Jumatano, 10 Julai

Siku ya tisa. Mchoro wa mwisho, mguu wa nyuma wa jike. Vinyweleo arobaini na saba kwake, arobaini na saba kwangu.

Michoro yote ishirini na miwili ni ya kweli. Nilidhani nitafurahi.

Daktari alifunga hadubini. "Ni michoro mizuri. Nitaitumia. Ila jina lako halitakuwa pamoja na langu chini ya kichwa cha makala."

Nilimwambia amejionea mwenyewe, yote ni sawa.

"Mimi nimejionea. Msomaji hatapewa siku tisa za kukukagua, Bwana Ruphin."

Nilitaka kumwambia juu ya foleni, juu ya watoto, juu ya saa tisa kasoro dakika nne. Nikakumbuka kwamba hayo ni ya tarehe tisa. Tarehe kumi na sita sikuwa kwenye foleni yoyote. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hikihiki, na penseli iliyochongwa vizuri.

Nina uchungu naye, na najua ana haki. Vyote viwili vinakaa ndani yangu wala havisogezani.

Alhamisi, 18 Julai

Hakuna la kusema. Vikadi sitini.

Jumatano, 31 Julai

Siku ya mwisho. Keki ndogo, watu wanane, hotuba fupi ya mkuu aliyekosea miaka ya utumishi wa Daktari.

Walipoondoka alinipa makala mapya niyasome. Mdudu sasa ana jina la moshi, kwa ajili ya mabawa yake. Rangi hupauka, lakini ndiyo aliyo nayo. Ukurasa wa nne, chini ya maelezo ya dume, kulikuwa na sentensi yenye pengo. Daktari alikuwa ameandika kwamba michoro yote imechorwa na fulani, ambaye pia ndiye aliyeunguza kiungo cha dume pekee alipokuwa akikisafisha, hata kikajulikana kwa upande wa juu tu. Mahali pa fulani paliachwa wazi.

"Naweza kuandika 'fundi wa makusanyo'," alisema. "Huandikwa hivyo mara nyingi, na hakuna atakayeuliza. Au uandike wewe. Ni juu yako."

Alinipa kalamu, akageuka kupanga bahasha zake ndani ya boksi. Niliandika R. Cirhuza. Ilinichukua muda kuliko sahihi yoyote niliyowahi kutia, pamoja na ile ya ofisi ya vibali. Alisoma, akatikisa kichwa kukubali, akanipa mkono. Hakuniambia nimefanya vizuri.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimerudi kwenye maegesho. Fulana ileile. Mtu amenipigia honi kwa sababu nilikuwa nimeinama kuangalia mdudu kwenye tairi lake.

Jumamosi, 31 Agosti

Kurasa za mwisho kabla ya chapa zimekuja. Daktari amenitumia nakala yangu kwa posta, ndani ya bahasha iliyopasuliwa na kugeuzwa. Nilizipeleka saluni kwa sababu Yvette alisema nizilete, na nilipofika nilikuta amepanga soda.

"Yvette, nilikwambia hakuna sherehe."

"Hakuna sherehe. Iko soda. Nilishawaambia watu jina yako itatoka. Imetoka ao haikutoka?"

"Imetoka."

"Basi soma. Swahili yetu, si kizungu."

Kulikuwa na wanawake watano. Henriette alikuwa kitini, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Nilitafuta ukurasa wa nne. Niliwasomea kwamba dume ni mmoja, kwamba kifua ni chekundu na mabawa ni ya moshi. Kisha nikafika kwenye ile sentensi, nikaitafsiri neno kwa neno, kwamba aliyechora wadudu hawa ni R. Cirhuza, na aliyeunguza kiungo cha dume pekee ni huyohuyo R. Cirhuza.

Kikausha nywele kikazimwa. Henriette alinitazama kwenye kioo.

"Baliandika vile? Kwa kitabu? Watu wa dunia nzima wasome?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa, papa, batakupa adhabu gani?"

"Ndiyo hiyo, mama. Inakwenda kupigwa chapa."

 Yvette alifungua soda moja, akaiweka mkononi mwangu, akarudi kwenye kichwa cha Henriette.

"Soma tena," alisema akiendelea kusuka, "na hapo kwa jina yetu usikimbie."

Nikasoma tena.